Sababu ya Kuhama

Rehema mwanangu,

Umetoka na mama yako kwenda Kipalapala kumuaga shangazi yako, nami najua hamtarudi kabla ya magharibi, maana shangazi yako hajawahi kumruhusu mgeni aondoke bila kula. Nimefunga karakana mapema. Nimepangusa vumbi la mbao juu ya meza na kukaa kuandika. Mkono huu umezoea penseli ya kuchorea mbao, kwa hiyo nivumilie mwandiko.

Mambo ya safari mama yako amekwisha kukuambia, tena mara mbili mbili: chakula, sala, watu wa kuwasogelea na wa kuwakwepa. Sina la kuongeza huko. Ninalo jambo moja tu, ni baya, na linanihusu mimi.

Unaikumbuka ile fomu ya kuhamia chuo cha Mwanza. Palikuwa na mstari ulioandikwa "Sababu ya kuhama." Uliujaza pale steshenari karibu na soko, mimi nimesimama nyuma yako. Uliandika: "Chuo nilichokuwa nasoma kimefungwa." Kisha ukanipa kalamu nisaini sehemu ya mzazi, nikasaini. Uliloandika ni kweli, mama. Lakini ni kweli ya mtu ambaye hakuambiwa yote. Yaliyobaki ninayo mimi, na nimekaa nayo muda mrefu kiasi kwamba siku nyingine nilikuwa nasahau kama ninayo.

Wacha nianze mwanzo.

Chuo kile kilipokuja mjini na kupanga lile jengo la ghorofa moja, mimi ndiye niliyeitwa kutengeneza madawati, milango na makabati ya maabara. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne na umekaa nyumbani, unafagia ua ambao ulikuwa umekwisha kufagiwa. Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa maneno matamu. Hakuwahi kuniita fundi. Aliniita "mzee wetu." Alinikaribisha ofisini mwake, akaniwekea kiti mbele ya meza yake, akanieleza habari za damu na vijidudu na hadubini kana kwamba na mimi ni msomi mwenzake. Mimi niliyeishia darasa la saba! Nilitoka pale natembea kifua mbele. Jioni ile ile nikamwambia mama yako, "Rehema amepata chuo."

Walipounda kamati ya wazazi, wakanichagua mwenyekiti. Wewe ulicheka uliponiona navaa kanzu ya Idi kwenda kwenye kikao cha Jumamosi. Nilikuona ukicheka. Nilijifanya sijakuona.

Babu wa babu yangu aliingia mji huu kwa miguu kutoka Manyema, begani ana pembe ya ndovu ya mtu mwingine. Bibi yangu alikuwa akisimulia kwamba wapagazi hawakuwa wakiuliza maji yako wapi. Walitazama tu mgongo wa kirangozi, yule aliyetangulia msafara. Niliipenda sana hadithi ile nilipokuwa mdogo. Niliisikia kama hadithi ya heshima, watu mia kufuata mgongo wa mtu mmoja. Sikuwahi kuisikia kwa upande wa waliokuwa nyuma.

Basi nikatangulia. Watoto saba wa mtaa wetu wa Chemchem waliingia chuo kile kwa neno langu. Sikutumwa, wala sikulipwa. Nilikuwa nikipita tu baada ya sala ya alasiri, nabisha hodi, nakaribishwa, naeleza. Wa mwisho kukubali alikuwa Mama Zaituni. Unamjua alivyo, mwanamke asiyenunua kitunguu bila kukibonyeza. Alikuwa anapima asali kwenye chupa, na hakuacha kupima nilipokuwa nasema.

"Baba Rehema," aliniuliza, "hicho chuo kina kibali?"

"Mama Zaituni, mwanangu yumo humo. Unadhani ningemtupa mwanangu?"

Akaifunga chupa. "Hapo umeniweza," akasema.

Wiki iliyofuata wewe na Zaituni mlikwenda pamoja, makoti meupe mmeyakunja mkononi kwa sababu mliona haya kuyavaa njiani.

Sasa nifike pale ambapo nimekuwa napakwepa.

Mwaka wenu wa kwanza ulipokuwa ukingoni, niliitwa kurekebisha kitasa cha kabati ofisini kwa mkuu. Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni na bisibisi mkononi. Mkuu akafunga mlango, akanipa karatasi, akasema, "Mwenyekiti, soma hii, ujue tunapambana na nini." Ilikuwa barua kutoka kwa mamlaka inayosimamia vyuo. Niliisoma polepole, kama ninavyosoma kila kitu. Ilisema kozi ya maabara haijasajiliwa. Ilisema chuo kisipokee wanafunzi wapya, kisimame kufundisha mpaka kikaguliwe, na kwamba mitihani inayofanyika pale haitatambuliwa.

Nikamwuliza, "Na hawa waliomo?"

"Ni utaratibu tu wa makaratasi. Nipe mwezi mmoja. Ukilitangaza leo, wazazi watawatoa watoto, na chuo kitakufa kweli. Hapo utakuwa umewaua wewe."

Nikairudisha ile barua mezani kwake. Nikapiga magoti tena, nikamalizia kitasa.

Mwezi ulipita. Nikamwuliza, akasema bado kidogo. Mwezi wa pili nikamwuliza tena. Wa tatu nilimwuliza kwa macho tu. Baada ya hapo sikuuliza. Kila Jumamosi niliendelea kukaa mbele, na wazazi waliendelea kusimama mmoja mmoja wakisema, "Ndugu mwenyekiti." Nilijiambia kwamba kama mambo yangekuwa mabaya hivyo, chuo kingekuwa kimefungwa. Nilijiambia kwamba mimi si msomi, pengine sikuielewa barua. Niliielewa, Rehema. Ilikuwa kwa Kiswahili.

Halikuwa jambo geni kwangu, na hilo nalo ulijue. Nilipokuwa kijana, bado niko chini ya fundi, nilitengeneza kitanda cha bi harusi kwa mninga mbichi. Mbao kavu zilikuwa zimekwisha na siku ya harusi imefika. Nilijua zitapinda. Nikazipiga vanishi mara tatu ziwake. Kilipopasuka, kabla hata siku arobaini hazijapita, yule bwana alikuja kulalamika, nami nikamwambia ni hali ya hewa, mwaka ule jua lilikuwa kali. Akaondoka ameridhika. Nadhani siku ile ndiyo iliyoniharibu. Ningepigwa makofi ningekuwa mtu mwingine. Nilijifunza kwamba mtu akikuamini, hata uongo wako ataubeba mwenyewe mpaka kwake.

Wiki mbili baada ya kuisoma ile barua, Mama Zaituni alikuja hapa karakana. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Ada ya mwaka wa pili ilikuwa imefika. Aliniambia kuna mtu wa Ipole anataka kuinunua mizinga ya marehemu mumewe, yote, pamoja na ile iliyoko ndani kabisa ya msitu ambayo marehemu aliichonga kwa mkono wake. Ile mizinga ndiyo iliyokuwa inamlisha. Kila chupa ya asali aliyouza mtaani ilitoka humo.

"Nimekuja kukuuliza wewe," akasema, "kwa sababu sina mwanamume wa kumwuliza. Niuze?"

Msumeno ulikuwa mkononi mwangu. Nakumbuka niliutazama, nikaona jino moja limevunjika.

"Uza," nikamwambia. "Mtoto akimaliza atakununulia mizinga mingine."

Akasema, "Haya. Mungu akuweke."

Hilo ndilo neno ambalo sijaweza kulimeza tangu siku hiyo. Si lile la mkuu, wala la mamlaka. Ni lile "Uza" langu.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Katikati ya mwaka wa pili mlikwenda asubuhi mkakuta mnyororo mlangoni, mkuu hayupo, simu yake haipatikani. Ulirudi ukakaa kwenye ngazi ya uani, hata viatu hukuvua. Nikakuuliza kuna nini.

"Baba, hatumo."

"Hammo wapi?"

"Kwenye mfumo. Tumekwenda kuangaliziwa. Majina yetu hayajawahi kupelekwa popote. Ni kama hatukusoma."

Nililia, unakumbuka. Ulikuwa hujawahi kuniona nikilia, hata bibi yako alipofariki. Ukainuka, ukanishika bega, ukaniambia, "Usilie baba, hukujua. Ametudanganya sote."

Nami nikanyamaza. Nikaupokea ule mkono wako begani. Nikaziacha pole zako zinilainishe moyo, mimi ambaye nilistahili unitemee mate. Katika yote niliyoyafanya, hilo ndilo ninaloliona dogo kwa macho ya watu na kubwa kwa macho yangu.

Na bado sikukoma hapo.

Siku ya Jumatatu ofisa mmoja wa mamlaka alinipigia simu, kwa kuwa jina langu lilikuwa kwenye orodha kama mwenyekiti wa wazazi. Alikuwa mwungwana. Alisema wanafunzi waliokwama wanaweza kuomba kuhamia vyuo vilivyosajiliwa, ingawa wataanza upya mwaka wa kwanza. Akasema chuo kimoja cha Mwanza bado kina nafasi nne katika kozi ya maabara, na kitapokea wa mwanzo watakaofika na karatasi zilizokamilika: cheti cha kidato cha nne, cheti cha kuzaliwa, kiapo cha mahakama badala ya barua ya chuo cha zamani, na fomu yenye saini ya mzazi. "Wajulishe wenzako leo," akasema.

Jumatatu ile ile ndipo nilipokuchukua steshenari na mahakamani. Uliniuliza, "Zaituni naye anakuja?" Nikakujibu, "Atakuja na mama yake." Jumanne alfajiri nikapanda basi na bahasha yako kifuani. Jumatano nikaikabidhi kwa mkono wangu, wakaigonga muhuri mbele yangu. Wazazi wenzangu niliwaambia Ijumaa, baada ya sala, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za msikiti. Nilisema nimepata habari asubuhi hiyo hiyo. Wakanishukuru.

Karatasi za Zaituni zilifika Mwanza wiki iliyofuata. Jibu lilikuwa la mstari mmoja: nafasi zimejaa.

"Mbona Zaituni kakosa?" uliniuliza. "Alama zake zinazidi zangu."

Nikakwambia, "Ni bahati, mwanangu."

Sijui kama ningewaambia wote siku ile ile Zaituni angepata na wewe ungekosa. Inawezekana. Nimeligeuza swali hilo kila upande, na kila nikiligeuza najikuta nafurahi kwamba ni wewe uliyepata. Nakuandikia hilo pia, ingawa ningependa kulificha. Baba yako ndivyo alivyo.

Yaliyompata Zaituni baadaye uliyaona kwa macho yako. Mama yake hakuwa tena na asali ya kuuza hapa mjini, wakarudi kwao Ipole, wakachukua kibarua kwenye tumbaku ya watu. Msimu wa kukausha, Zaituni aliwekwa kuchochea moto kwenye bani, kile kibanda ambamo majani huning'inizwa juu ya moshi. Bani likashika moto. Aliingia kuokoa tumbaku ambayo hata si yake, na paa likamwangukia mkono wa kulia. Ulilala hospitali naye siku tatu. Uliporudi ulisema vidole vyake vitatu vimeshikana na daktari hana uhakika kama vitaachana. Kisha ukasema, "Baba, yeye ndiye aliyekuwa na mkono mtulivu kuliko sote. Mwalimu alikuwa anamwita yeye atoe damu, sisi tutazame."

Na mimi nilikwenda kumwona, siku ambayo wewe hukuwapo. Nilimkuta amekaa kitandani, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Aliponiona akajaribu kushuka ili aniamkie.

"Shikamoo baba."

Niliutazama ule mkono badala ya kumwitikia. Akadhani sikumsikia, akarudia. Halafu akaniuliza, "Rehema anasafiri lini? Mwambie achukue madaftari yangu yote, mama atayaleta. Yangu yana michoro mizuri kuliko yake." Akacheka kidogo. Madaftari hayo ndiyo yaliyo ndani ya begi lako sasa.

Nilitoka wodini nikaegemea ukuta. Nilikaa siku kumi na moja zaidi bila kufanya lolote. Nakutajia hizo siku ili usije ukadhani niliguswa mara moja nikatubu. Watu hawatubu hivyo. Mimi, angalau, sikutubu hivyo.

Jumapili iliyopita nilikwambia nakwenda Sikonge kutafuta mbao. Nilikwenda Ipole. Nilimkuta Mama Zaituni nyuma ya nyumba ya kaka yake, anakamua masega ya mtu mwingine kwa ujira.

"Mwangaluka, Baba Rehema," akaniamkia kwa Kinyamwezi, akanisogezea kigoda. Sikukaa. Nilihofia nikikaa tutaanza kuulizana hali, nami nitarudi mjini kama nilivyokuja.

Nikasema, "Ile barua ya mamlaka, kwamba chuo hakina kibali. Niliiona."

"Uliiona lini?"

"Kabla hakijafungwa."

Alitoa mikono kwenye beseni. Asali ilimchuruzika mpaka kwenye viwiko, hakuifuta. "Nimekuuliza lini."

"Mwisho wa mwaka wao wa kwanza."

Nilimwona anahesabu miezi kichwani, na nilijua atafikia wapi.

"Kabla sijauza mizinga."

"Ndiyo."

"Nilikuja kwako. Nilisimama mlangoni kwako nikakuuliza."

"Ndiyo, Mama Zaituni."

Nilimweleza na habari ya nafasi za Mwanza, Jumatatu mpaka Ijumaa. Sikuacha kitu. Nilitegemea atapiga kelele, kaka yake atoke, wanifukuze. Nadhani ndicho nilichokifuata. Mtu akipigwa hujiona kama amelipa. Hakupiga kelele. Alirudi kwenye beseni lake, akaanza tena kukamua, na sauti yake ilikuwa ya chini kama anaongea na masega.

"Mwanao anajua?"

"Hajui."

"Mwambie kabla hajapanda treni. Asije akaenda kusoma kwenye kiti ambacho hajui kimetoka wapi."

"Nitamwambia. Na Zaituni, naomba niende mwenyewe nim..."

"Hapana. Zaituni nitamwambia mimi, siku nitakayoona anaweza kulibeba. Wewe umekwisha kusema ya kutosha kwenye nyumba yangu." Akanyoosha kidevu kuelekea barabarani. "Nenda, Baba Rehema. Na msamaha usiniombe. Nikikunyima nitapata dhambi, na nikikupa nitakuwa nimekudanganya."

Nikaondoka. Nilitembea mpaka barabara kuu, na gari lilipokuja sikulisimamisha, wala lililofuata.

Sasa umejua. Jumapili hii nimewaita wale wazazi sita waliobaki, nao nitawaambia. Mama yako nilimwambia juzi. Hajasema nami tangu hapo. Wewe ulidhani amenuna kwa sababu unaondoka. Mtaani watazungumza, na maneno yatakufikia Mwanza kwa simu za watu. Nilitaka uyasikie kutoka kwangu kwanza.

Nakufahamu. Najua utakalolifikiria: kuiacha ile nafasi. Nilikuwa na wazo hilo mimi pia, nikampigia simu msajili wa chuo. Nikamwuliza, mwanangu akiacha, anaweza kuingia mwenzake fulani wa chuo kile kile? Akanijibu kwamba hapana, ukiacha nafasi inakwenda kwa mtu wa kwanza kwenye orodha yao, na Zaituni hayumo. Kwa hiyo ukiacha, atakayefaidika ni mtu asiyewajua nyote wawili. Sikuambii hili ili likutulize. Nakuambia kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa natamani ingekuwa vinginevyo, ili angalau kitu kimoja kiwe kinaweza kurekebishwa.

Sina mawaidha, mama. Nilikuwa nayo mengi, mengine mazuri sana, lakini kila nikiyashika naona yana alama za vidole vyangu. Nina jambo moja tu nililolijifunza, na nimelijifunza kwa mali ya watu na mkono wa mtoto wa watu: kunyamaza huanza siku moja tu. Siku ya pili huwa huhitaji hata kuamua.

Madaftari ya Zaituni usimrudishie. Alikupa kabla hajajua, na kama atakapojua atayataka, atakuambia mwenyewe. Mpigie simu. Usimpigie kwa ajili yangu, wala usibebe radhi zangu. Mpigie kama ulivyokuwa unampigia. Akikasirika, mwache akasirike hata na wewe. Ana haki ya kukosea mtu wa kumkasirikia.

Kesho, baada ya kifungua kinywa, nitakupa barua hii mkononi. Sitaificha kwenye begi uikute njiani, ukaisome katikati ya watu usiowajua na mimi niko mbali, salama. Utaisomea chumbani kwako. Mimi nitakuwa nimekaa barazani. Zitakuwa zimebaki saa nne kabla treni haijaondoka, kwa hiyo usiharakishe.

Ukimaliza, na ukitaka nikusindikize stesheni, toka na mzigo wako, uuweke mbele yangu, nitaubeba, na huna haja ya kusema neno. Ukitaka mama yako ndiye akusindikize, mpe yeye. Nitasimama nikupishe njia.

Baba yako,
Shabani